Ishara Tatu za Fundi Semahoro

Kambi nzima ya wakimbizi ya Nakivale, kule Uganda, hapakuwa na mtu aliyejua ndege kama Semahoro, na hapakuwa na mtu aliyependa kukumbushwa jambo hilo kama yeye mwenyewe. Kabla ya vita vya Bukavu kumkimbiza mwaka 2004, alikuwa fundi katika uwanja wa ndege wa Kavumu, mtu wa ovaroli na mikono ya oili, na ndege ya abiria haikuruka pale bila yeye kuizunguka kwanza. Aliikagua jinsi wazee wake wa milima ya Minembwe walivyokagua ng'ombe: kwa kiganja, polepole, akianzia puani na kurudi puani. Asubuhi alikinga mafuta kidogo chini ya tangi kwa chupa ya kioo, akaiinua chupa kwenye mwanga aone kama kuna maji yaliyojitenga. Alipapasa matairi akitafuta mkato uliofika kwenye nyuzi. Alihesabu spana zake kabla ya kufunga kifuniko cha injini, na siku moja aliizuia ndege iliyojaa watu kwa sababu ya bisibisi moja, mpaka ilipopatikana mfukoni mwa msaidizi wake. Msaidizi yule alizabwa kofi mbele ya abiria. Semahoro hakuwa mtu mpole, tuelewane mapema.

Nakivale, fundi huyo alikuwa akitengeneza mashine za kusaga mahindi. Mkewe alimzika Bukavu, wanawe wa kiume walimezwa na vita, na aliyebaki ni binti mmoja, Mukamana. Alimlea mwenyewe mpaka akaolewa na Cyiza, kijana wa watu wa kwao, aliyelima na kuuza chumvi na sabuni karibu na Base Camp, penye ofisi za kambi. Nyumba zao zilitazamana. Kila siku Mukamana alimpikia baba yake, alimfulia, na mvua zikianza alimkanda mguu uliokuwa ukimsumbua. Wanawake wengine walisema mzee yule ana bahati, maana wako waliozaa kumi na wanajichotea maji wenyewe. Semahoro alizisikia sifa hizo akazizoea, akaona ni haki yake kama posho ya mwezi.

Kisha ikaja miaka ambayo Wakongomani walianza kupelekwa Amerika, familia baada ya familia. Watu waliovuka milima kwa miguu chini ya risasi walishikwa na woga wa kupanda ndege. Mchungaji Mutware, aliyeongoza kanisa lao la bati na udongo, akamwomba Semahoro awafundishe wasafiri, na haukupita muda ikawa desturi: kama hujapita kwa fundi, hujaaga. Walimletea sukari, walimletea maziwa, wakaketi kumsikiliza.

Alikuwa mwalimu mzuri, haki yake tumpe. Alipanga mabenchi ya kanisa safu mbili, akaacha njia katikati, akawafunga watu viunoni kwa vipande vya vitenge mpaka wakajua kujifunga na kujifungua wenyewe. Aliwaonya wasipite mbele ya injini, kwa kuwa injini haina macho, humvuta mtu kama inavyovuta karatasi. Alipiga bati kwa ngumi wasikie jinsi magurudumu yanavyogonga yakikunjwa. Akawaeleza kwamba ndege ikiwa bado chini hula umeme wa gari lililoegeshwa kando yake, na gari hilo likichomolewa, taa hukonyeza na ule upepo wa baridi hukatika kidogo, kisha vyote hurudi. Na kule Entebbe, kwa kuwa uwanja uko ziwani na hewa ina majimaji, baridi ya ndani ikikutana na joto wataona kitu cheupe kinamwagika kutoka juu ya vichwa vyao.

"Ile haiko moshi," aliwaambia. "Ni umande. Munakumbuka kule Minembwe asubuhi, ng'ombe akipumua? Njo ile."

Watu walicheka, na aliyecheka zaidi alikuwa mkwewe Cyiza, kwenye benchi la mbele. Mukamana hakuwepo. Alikuwa amejifungua mtoto wa pili, Mariette, bado yumo ndani, na hata alipotoka hakuona haja ya kwenda kubanana kanisani. Alisema mwalimu mwenyewe anakula kwake, atamfundisha siku yoyote. Semahoro hakumkumbuka Cyiza kwenye lile benchi. Alikuwa amefundisha watu wengi, na mwalimu anayependa sauti yake hatazami sana nyuso.

Sasa jambo ambalo Semahoro hakulisema kwa mtu. Yeye pia alikuwa amehojiwa kwa ajili ya kupelekwa Amerika. Majirani walimshauri aseme alikuwa mkulima, basi, mkulima na mfugaji kama kila mtu. Semahoro alikasirika. Yeye, mkulima? Mbele ya wazungu alitoa kifua, akaeleza ndege zote alizozishika, za abiria na za mizigo, na uwanja ulipotekwa, za wanajeshi pia, maana fundi haulizi tairi ni la chama gani. Walimsikiliza vizuri sana. Baada ya miezi walimwita wakamwambia hapana, kwa sababu ya zile ndege za wanajeshi, na hapana hiyo haina rufaa. Kujisifu kulimfungia mlango uleule aliokuwa akiwafungulia wenzake kila wiki. Aliificha habari hiyo kama mtu anavyoficha kidonda cha mahali pabaya, na Mukamana akaendelea kumwambia kila jioni, "Papa, utatufuata tu."

Basi siku ya Cyiza na familia yake ikatangazwa. Mukamana alilia kwa furaha, akaanza kugawa masufuria. Semahoro aliketi kizingitini akitazama masufuria yanavyoondoka kwenda kwa majirani, na ndani yake kitu kikageuka. Wivu ulikuwemo, tusimfiche: watu wasiojua hata kabari ya tairi watapaa, na yeye aliyewapaisha wengine miaka yote atabaki na mashine za unga. Lakini kubwa kuliko wivu ilikuwa hofu. Mwezi uliopita mzee mmoja wa zoni ya Juru alikutwa amekufa ndani kwake, hana mtu, na waliomgundua ni majirani waliofuata harufu. Tangu siku ile Semahoro hakulala vizuri. Aliona hilo ndilo linalomngoja. Aliogopa kufa peke yake, na angefanya lolote asife hivyo.

Angeweza kumwambia binti yake ukweli: wamenikataa, baki nami. Pengine angebaki, alikuwa binti wa namna hiyo. Lakini mtu mwenye kiburi hukopa uongo kabla ya kuomba msaada. Alijaribu mara moja tu, kwa kuzunguka, akauliza nani atamzika. Mukamana alicheka akasema watazikana wote hukohuko Amerika, kwenye makaburi yenye majani mazuri.

Siku moja kabla ya safari alimkuta binti yake uani akitwanga sombe, majani ya muhogo, Mariette mgongoni. Cyiza alikuwa amekwenda kuaga ndugu. Semahoro akavuta kigoda, akasema ameona asimwache aende bila somo. Mukamana akauweka mchi chini, akakaa vizuri kama mtoto wa shule.

"Sikia muzuri," Semahoro alisema. "Mukiwa mu ndege, utaona moshi mweupe unatoka juu ya bichwa bya batu. Ile peke yake, unyamaze. Kisha mataa itapunguka, irudie. Ile nayo, unyamaze. Lakini kama nyuma ya ile mbili upepo wa baridi unakatika, moto iko mu tumbo ya ndege. Bale ba kazi hawatakuambia kitu, wataogopa batu bafanye fujo. Kamata batoto yako ushuke mbele ya kufunga mulango. Mulango ukifungwa, haifunguke tena."

Mukamana alimuuliza kama Cyiza naye ajue. Semahoro akamwambia asimtie mumewe woga bure. Akimwona mkewe anashuka, atashuka.

Tazama ufundi wake. Angetaja ishara moja, binti angeshtuka akauliza watu. Alitaja tatu, na mbili za kwanza akamwambia azipuuze, na kwa kuzipuuza hizo atamwamini kwa ya tatu. Na alijua, kama anavyojua jina la mama yake, kwamba pale Entebbe zote tatu zitakuja, katika ndege nzima kabisa isiyo na kasoro, kama zinavyokuja kila siku Mungu aliyoileta. Hesabu yake ilikuwa hii: Mukamana atashuka na watoto, Cyiza atashuka kwa aibu, maana kwao mwanamume haendi ugenini akimwacha mke njiani. Watarudishwa Nakivale wote. Watahuzunika, watazoea. Atazikwa na watu wake.

Walipoondoka aliwabariki. Parfait, mjukuu wake mkubwa, alimng'ang'ania mguu, na Semahoro akamwambia asilie, wataonana karibuni tu. Huo ulikuwa uongo mdogo kuliko yote aliyosema wiki hiyo, kwa sababu yeye mwenyewe aliuamini.

Safari za kambi alizijua. Basi huwalaza Kampala, kisha huwapeleka Entebbe, na anayekataa ndege hurudishwa kesho yake kwa gari la kuja Mbarara. Siku ilipofika alimwendea Kabera, mfanyabiashara wa kwao mwenye pikapu, akamwomba amfikishe Mbarara. Kabera alikuwa akienda kuchukua saruji, akakubali. Semahoro akamwambia amwachie nafasi nyuma ya pikapu kwa mizigo ya watu wake. Kabera hakuuliza watu gani.

Walisimama Biharwe, kwenye barabara kuu ya Masaka, pale magari yanapopunguza mwendo kabla ya kuingia mjini. Semahoro alikuwa amevaa koti lake zuri. Alinunua mahindi ya kuchoma, akanunua na ya Parfait, akayafunga kwenye gazeti yasipoe. Alikuwa na furaha, na hili ndilo ninaloshindwa kumsamehe. Alikuwa akipanga jinsi atakavyomfariji Cyiza, na kazi atakayompa kwenye mashine.

Basi lilikuja, likasimama, likamshusha Mukamana.

Alishuka peke yake. Hakuwa na mzigo. Ile nguo ya kumbebea Mariette ilikuwa imefungwa kifuani kama kawaida, na ndani yake hamkuwa na mtoto. Mbele ya blauzi yake kulikuwa na mabaka mawili makubwa ya maziwa yaliyopenya nguo. Semahoro aliutazama mlango wa basi, akangoja. Kondakta akapiga bati, basi likaondoka. Mukamana alipomwona baba yake hakushangaa, alimwangukia miguuni pale kando ya lami.

"Papa," alisema. "Byote bitatu. Byote bitatu bilikuja vile ulisema. Nilivuta batoto, Cyiza akanikatalia. Akawashika. Nililia, nikamuomba, batu bakanitoa. Papa, batoto yangu bameungua."

Alisimulia vipande vipande. Alipowavuta watoto, Cyiza alimwambia akae, ni kitu kidogo, watu wanaangalia. Yeye akapiga kelele kuna moto. Watumishi wa ndege wakaja, abiria wakaanza kusimama, na mwenye kuwasindikiza akasema ndege haingoji, anayetaka kushuka ashuke sasa hivi. Cyiza alikuwa na Mariette mapajani na Parfait chini ya kwapa. Safari ile ilikuwa kwa jina lake. Akishuka yeye, imekufa ya wote. Alimwambia mkewe kwa mara ya mwisho aketi. Halafu akajifunga mkanda. Mukamana alishushwa ngazi na wanawake wawili, na kutoka pale chini aliona mlango unafungwa.

Hapo, kando ya lami, Semahoro alikuwa na nafasi. Neno moja lingetosha: wazima. Ndege ilikuwa nzima, mwanangu, watoto wako wako salama, nilikudanganya. Alilifungua domo. Kisha akamwona Kabera amesimama na kofia mkononi, machozi yanamtiririka, anamtazama yeye kama mzee wa msiba. Akalifunga. Akasema, "Pole, mwana wangu." Mahindi aliyasahau juu ya jiwe.

Jioni ile uwanja wa nyumba ya Semahoro ulijaa watu. Mikeka ilitandikwa, wanawake walimzunguka Mukamana, wakamvua viatu, wakamfunga kitambaa kichwani. Maziwa yalimjaa mpaka akapata homa, na bibi mmoja alimkamua kwenye bakuli, akaenda kuyamwaga nyuma ya nyumba. Aliliita jina la Mariette, kisha la Parfait, kisha la Mariette. Alichokiona ndani ya ndege hakukieleza, alisema moto tu, nao wakalia naye. Waliimba nyimbo za kanisa zile za kuzikia watoto. Wengine walinong'ona kwamba redio haijasema ndege yoyote imeanguka, lakini wengine wakajibu kuwa redio husema watu wakubwa tu, na nani atabishana na Semahoro, mtu aliyeijua ndege tangu utumboni.

Mchungaji Mutware ndiye aliyemjia kumuuliza hasa. Alimvuta pembeni, akataka kujua kama fundi, yeye mwenyewe, anaona tumaini lolote. Semahoro alitazama chini. Akasema ndege ikishapaa ni mali ya Mungu. Mutware alirudi kwa watu na uso ule wanaouvaa wachungaji msibani, na wote wakajua la kujua. Kwa hiyo watu wa Nakivale waliwalilia watoto wazima, na babu yao akiwa ameketi kwenye kiti cha mbele, akipewa chai.

Simu ililia siku ya pili ya msiba, mchana, katika mfuko wa Mutware. Namba ilikuwa ndefu na ya ajabu. Mchungaji alisikiliza, akasimama, akaangusha Biblia. Kisha akaibonyeza simu ili wote wasikie, na sauti ya Cyiza ikatoka, imechoka, ikiuliza kama Mukamana amefika salama, na ikisema wao wamefika, watoto wamelala, kuna baridi kali.

Uwanja ulipasuka kwa vigelegele. Wanawake walirukaruka, wanaume wakakumbatiana, mtu akaanzisha wimbo. Mukamana peke yake hakucheza. Alitambaa juu ya mkeka mpaka kwenye simu, akaishika kwa mikono miwili, na watu wakanyamaza wasikie mama anasema nini. Akamuuliza mumewe moto uliishaje.

"Moto gani?" Cyiza alisema. "Ile haikukuwa moshi, Mukamana. Nilikuambia, haukunisikia. Ni umande. Papa yako mwenyewe alitufundishaka mu kanisa, ile umande, na mataa, na upepo. Batu bote bale tulifunda nabo banajua. Uliza Papa."

Hakuna aliyeuliza. Hapakuwa na haja. Nusu ya watu waliokuwa pale waliwahi kukaa kwenye yale mabenchi na vitenge viunoni, na mmoja mmoja walikumbuka ng'ombe wa Minembwe na kicheko chao wenyewe. Semahoro aliona nyuso zinageuka. Akaanza kusema kwamba kuna umande na kuna moshi, kwamba mara nyingine mafundi huwahi kuzima, kwamba Mungu ni mkubwa. Sauti yake, ile aliyoipenda, ilikuwa nyembamba.

Mukamana aliiweka simu chini. Alimtazama baba yake kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Papa," alisema, "kule Biharwe. Nani alikuambia ya kama tunarudia?"

Kabera, aliyekuwa ameegemea pikapu yake, aliinua kichwa. Alikumbuka ile nafasi ya mizigo. Watu walianza kuondoka. Walikunja mikeka yao, wakachukua vikombe vyao, na kwa watu wetu, kuondoka kwenye nyumba bila kuaga mwenye nyumba si jambo dogo. Mutware alikuwa wa mwisho. Aliokota Biblia yake, akaipangusa vumbi, akaenda.

Tangu hapo hakuna msafiri aliyepita kwa fundi. Watoto wa zoni yao walibuni mchezo: Semahoro akipita, mmoja anapuliza pumzi mdomoni, pfuu, mwingine anapiga kelele kwamba kuna moto, wote wanakimbia. Mama zao waliwaona na hawakuwakataza. Kwenye mashine za unga walimwita fundi mwingine, kijana wa Burundi asiyejua kazi, wakavumilia mashine kusimama.

Mukamana hakuwa na pa kwenda. Kambi ilikuwa imekwisha kumhesabu kuwa ameondoka. Posho yake ilikatwa, nyumba ya Cyiza ilikuwa imepewa familia mpya iliyotoka Uvira. Masufuria yake yalikuwa kwa majirani na hakuyadai. Alirudi kwa baba yake, kwenye chumba alicholala alipokuwa msichana, na asubuhi iliyofuata Semahoro aliamka akakuta maji ya kunawa yamechotwa na chai iko mezani.

Alingoja matusi. Hayakuja. Mukamana alimpikia, alimfulia, alimkanda mguu. Alimpelekea sahani kwa mikono miwili na goti kidogo, jinsi binti aliyelelewa vizuri anavyompa baba yake. Kilichobadilika ni kimoja: kila jioni, kabla ya kupakua, aliketi kwenye kile kizingiti alichokuwa akikalia baba yake, akafungua blauzi, akakamulia maziwa chini, kwenye udongo. Hakujificha. Semahoro aliketi ndani akingoja chakula, akiisikiliza ile michirizi. Yalichukua wiki nyingi kukauka, maana alikuwa mwanamke mwenye maziwa mengi, na siku yalipokauka aliketi palepale muda uleule, akakamua asipate kitu, akafunga vifungo, akaja kupakua.

Ndipo Semahoro alipokwenda Mbarara kutengeneza alichokivunja. Alipanda mlima wa Kamukuzi kwenye maofisi ya wakimbizi, mguu ukimuuma, akapelekwa dirisha hili na lile, mpaka akamfikia ofisa mmoja wa Uganda, bwana mnene, si mtu mbaya. Alimweleza yote. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe Semahoro alijieleza bila kujisifu: kwamba yeye ndiye aliyedanganya, kwamba binti hana kosa, kwamba kama kuna adhabu apewe yeye, binti apewe ndege. Ofisa alimsikiliza mpaka mwisho, akafuta uso kwa leso.

"Mzee, nasikia wewe," alisema. "Lakini huyu mama alikataa ndege. Hakuna mtu alimbeba kutoka kwa nyumba yako mpaka chini. Wewe ulidanganya, sawa, lakini miguu ilikuwa yake. Hii maneno imeisha. Rudi nyumbani."

Alirudi. Hakumwambia binti yake alikokwenda.

Simu za Cyiza zilikuwa kila Jumapili, kisha kila mwezi. Parfait alianza kuchanganya maneno ambayo mama yake hakuyaelewa. Mariette, akipewa simu, alipumua tu, na siku moja alisikika akimwita mama mtu mwingine aliyekuwa chumbani. Baadaye Cyiza alimtumia Mutware ujumbe kwamba wachungaji wa huko wamemshauri, nyumba haiwezi kukaa bila mwanamke. Mutware alikuja kuufikisha mwenyewe. Mukamana alikuwa akimenya maharage mabichi, na alipokwisha kuusikia aliendelea kumenya.

Mwaka 2015, mvua za mwisho, Semahoro aliugua kifua. Mwili ulimwisha haraka. Hakuweza tena kujigeuza, na Mukamana alimgeuza. Alimwosha, alimlisha uji kwa kijiko, alimpangusa mdomo. Hakuna mzee Nakivale aliyeuguzwa vizuri kama yeye. Majirani waliokuja kuchungulia walisema hivyo wenyewe, kwa sauti ya chini, wakaenda zao bila kumsalimia mgonjwa. Yeye alimkodolea macho binti yake kutoka asubuhi hadi jioni. Alitamani amtemee mate. Alitamani siku moja uji uje wa moto kupita kiasi.

Mwishowe hakuvumilia. Mchana mmoja, binti yake akiwa ameshika kijiko, alimshika mkono akamwomba amwache. Aende zake, alisema, aende Mbarara, aende kwa watu wengine, amwachie maji tu karibu na kitanda, yeye atakufa mwenyewe na itakuwa haki.

Mukamana aliutoa ule mkono taratibu, akaurudisha ndani ya blanketi, akamfunika mpaka kidevuni.

"Usiogope, Papa," alisema. "Hautakufa peke yako. Miye niko hapa. Siendi fasi yoyote."

Akamlisha kijiko kilichobaki, akachukua bakuli, akatoka nje kuliosha.